Kicheko Chako kwa Yule Bwana wa Kitamil

Mke wangu Mama Rehema,

Yule bwana ameshinda. Mama Kavitha aliniambia tukiwa ndani ya lifti, mimi na kapu langu la nguo chafu, yeye na sinia la wali mtamu wa maziwa aliokuwa akiwagawia majirani kwa furaha. "Mwalimu, amepata kiti bungeni," alisema. "Safari hii wamemchagua." Nikampongeza kama adabu inavyotaka, nikapokea bakuli langu, nikashuka hadi kwenye mashine za kufulia. Pale nikagundua kwamba nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kuja kukueleza wewe. Hilo ndilo lililoniudhi. Ushindi wake umenifikia mimi, ambaye sikuutaka, na haukukufikia wewe uliyekuwa ukimshangilia.

Jina lake siliandiki. Nilikataa kulitamka ulipokuwa hai na sioni sababu ya kuanza sasa. Lakini barua hii itasomwa na watu wengine ambao hawamjui, basi uniwie radhi nikieleza jambo unalolijua kuliko mimi. Yule bwana ni mtengeneza filamu wa Kitamil, wa kusini mwa India. Alianza kwa kuwatungia wenzake maneno ya nyimbo. Baadaye akaandika hadithi, akaigiza, akaongoza, akatunga muziki, na ilipofika wakati wa kuimba akaimba mwenyewe. Ulinieleza haya yote ukiwa unamenya vitunguu, mwaka wa pili tangu Rehema atulete Toronto, nami nikakuuliza kama na tiketi mlangoni huwa anauza yeye.

"Angeweza," ulijibu, wala hukuinua kichwa.

Nilikuwa nimefundisha sarufi chuoni Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kazi yangu ilikuwa moja na niliifanya vizuri. Sikuwahi kukuona ukimenya kitunguu huku ukieleza sifa zangu kwa mtu yeyote.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Tulikuwa wageni katika lile jengo la North York, baridi ilikuwa imetufungia ndani, na wewe ulikuwa umepata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Mount Dennis. Siku yako ya mapumziko ilikuwa Jumamosi. Mama Kavitha, jirani yetu wa mlango unaofuata, alikuja kuomba pilipili, akakuta unakaanga samaki kwa bizari, mkaanza kuzungumza kwa Kiingereza chenu ambacho hakikuwa changu wala cha Wakanada. Jumamosi iliyofuata ulikwenda kwake kurudisha bakuli, nawe hukurudi hadi jioni. Alikuwa na diski za filamu kutoka duka la Watamil, rafu nzima, na nyingi zilikuwa za yule bwana.

Tangu hapo Jumamosi haikuwa yangu tena. Nilikaa mezani nikisahihisha mazoezi ya wale watoto niliowafundisha Kiswahili kwenye ukumbi wa kanisa, watoto wanaokuelewa vizuri na kukujibu kwa Kiingereza, huku wewe, upande wa pili wa ukuta, umekaa na yule bwana. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisikia ngoma, nilisikia watu wakigombana kwa lugha nisiyoijua, na katikati ya ugomvi huo nilikusikia wewe ukicheka. Hakikuwa kile kicheko chako cha kanisani, cha kufunika mdomo kwa kitenge. Kilikuwa kicheko cha kupiga mapaja. Kilipanda, kikakatika, kikaanza tena. Katika ndoa yetu nilikuwa nimekisikia mara chache, na mara hizo zote ulikuwa na dada zako.

"Kuna nini cha kuchekesha kule?" nilikuuliza uliporudi.

"Ukija utaona."

"Nielezee."

"Kikielezwa hakichekeshi, Mwalimu. Njoo ukae."

Sikwenda. Sisemi kwamba nilikosea. Mtu hakai sebuleni kwa jirani kumtazama mpinzani wake akichekesha.

Maana alikuwa mpinzani, Mama Rehema, hata kama ulinitania kwa kusema hivyo. Ulianza kusema "seri" ya Kitamil mahali pa "haya." Nikikuambia nazi imekwisha, unajibu "seri." Ulianza kupima kila mwanamume kwake. Mchungaji alihubiri vizuri, lakini sauti haina mapumziko, yule bwana anajua kupumzika. Mkwe wetu ni mpole, lakini upole wake hauna macho. Mimi sikuambiwa kitu, na kuachwa nje ya vipimo kuliniuma kuliko kupimwa.

Kisha akaja Toronto mwenyewe kwa onyesho la jukwaani. Mama Kavitha alikufunga sari yake ya rangi ya zambarau, ukasimama mbele ya kioo ukijigeuza, na Rehema akasema, "Mama, umependeza mno, Baba atakukataza kutoka." Nikasema sina la kukataza, mtu mzima anajua aendako. Nikabaki napiga pasi mashati ambayo tayari yalikuwa yamepigwa pasi. Uliporudi sauti ilikuwa imekukauka kwa kushangilia. Ulikaa kitandani, ukavua bangili moja moja.

"Ni mfupi," ulisema.

"Mfupi kiasi gani?"

"Kukushinda wewe. Wewe ni mrefu kuliko yeye."

Usiku ule nililala vizuri, na kwa wiki nzima nilitembea nimenyoosha mgongo hata ndani ya basi.

Nilidhani siku zake zimekwisha alipotangaza kwamba anaunda chama cha siasa. Wewe ulichukia. Ulisema siasa itamharibu, itamfundisha kuongea bila kusikiliza, na mtu aliyeweza kumfanya bibi kizee alie kwa kuinua kikombe tu sasa atashika kipaza sauti na kupiga kelele. Mimi nilifurahi, nakuambia kweli. Nilijiambia kwamba sasa ameingia kwenye uwanja wangu. Filamu ina ngoma na mavazi ya kuifichia udhaifu, lakini hotuba ni lugha tupu, na lugha inamvua mtu.

Kwa hiyo Mama Kavitha alipokuja kwetu na simu yake kutuonyesha hotuba ya kwanza, siku hiyo nami nilivuta kiti. Yule bwana alisimama juu ya gari, mwenye mvi, akizungumza bila karatasi. Nilimsikiliza nisielewe neno. Nikamuuliza Mama Kavitha, kwa sauti ya kawaida kabisa, lugha yake ikoje.

"Siasa yake siijui, Mwalimu," alisema. "Mume wangu anasema ni bure. Lakini Kitamil chake, hata maadui zake wananyamaza wakisikiliza. Hachanganyi Kiingereza hata kidogo. Anaongea kama walimu wetu wa zamani kule kwetu Jaffna. Watoto wangu wanamsikiliza ili wajifunze."

Wewe ulinitazama, ukauma mdomo wa chini, ukaenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Hapo ndipo wivu wangu ulipopata meno. Nyimbo nilimwachia. Sura nilimwachia. Hili moja lilikuwa langu. Mimi nimewafundisha watoto wa ukumbini miaka na miaka, na wajukuu zangu wenyewe nikiwauliza wamekula nini wananijibu kwa Kiingereza, nao wanampenda babu yao. Yeye anasimama juu ya gari, ng'ambo ya bahari, na watoto wa mtu mwingine katika jengo langu wanasahihisha lugha ya mama yao kwa ajili yake.

Uchaguzi wa kwanza alishindwa vibaya. Nilikuambia wapiga kura wana akili. Ulikuwa umeanza kuumwa, umefunga kanga kiunoni kwa sababu nguo zote zilikuwa zinakulegea.

"Baba Rehema," ulisema, "huyu mtu hakujui. Unashindana naye peke yako."

"Na bado nashindwa," nilikujibu.

Ukacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye maumivu, ukaniomba maji.

Sasa nikueleze jambo nililolifanya baada ya habari za lifti. Nilirudisha bakuli la Mama Kavitha nikiwa nimevaa koti, kama mtu aendaye ofisini, nikamwambia nina ombi. Nikamwambia kwamba kwa miaka yote ile nilikisikia kicheko chako kupitia ukutani, na kwamba nataka kujua ulikuwa ukicheka nini. Hakushangaa. Alinikaribisha, akanionyesha kiti chako bila kuulizwa, akatafuta diski moja iliyokwaruzika kuliko nyingine.

Yule bwana ameigiza mkuu wa stesheni ndogo ya gari moshi. Anakuja karani kijana na tangazo la kubandika ukutani. Mkuu analipokea. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa, anaivua tena. Anakohoa mara mbili. Anamtazama kijana kwa huruma, kama daktari mwenye habari mbaya. Kisha anaanza kueleza makosa yaliyomo, moja baada ya jingine, kwa upole usiovumilika, na nyuma yake gari moshi linaingia, watu wanashuka, watu wanapanda, linaondoka, na yeye hajamaliza.

"Hapa," alisema Mama Kavitha. "Hapa mkeo alikuwa ananipiga goti. Rudisha, ananiambia, rudisha. Nilirudisha mpaka chai ikapoa. Alikuwa anasema, nani amemweleza huyu mtu habari za mume wangu?"

Sikucheka. Nilimwomba arudishe. Nikatazama tena ile miwani, kile kikohozi, yale macho ya huruma, na nikaona kwamba ameviiga sawasawa, bila kuzidisha.

Ungedhani wivu wangu ungeishia hapo. Haukuisha. Kama nilikuchekesha kiasi hicho, mbona kicheko akakipokea yeye? Mimi nilikuwa mezani, hatua chache kutoka hapo, nikifuta miwani bure. Kicheko kilikuwa changu na nilikisikia kutoka upande usiofaa wa ukuta.

Nilipokuwa naaga, Mama Kavitha alitoa diski nyingine. Alisema ndiyo filamu bora ya yule bwana kuliko zote. Ameigiza mzee aliyefiwa na mke wake, na hakuna aliyeitazama akabaki na macho makavu.

Nilimshukuru, nikamwambia hiyo aiweke. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, na sihitaji kuonyeshwa inavyofanywa.

Pumzika, mke wangu. Atakaa kwenye kiti chake bungeni, nami nipo kwenye changu, hapa mezani.

Mumeo, asiyekuazimisha kwa mtu,
Baba Rehema