Mashine ya Kusugulia Gari la Mkweo

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu Kulwa,

Pokea kwanza shikamoo ya zile dakika chache ulizonitangulia duniani, maana najua bila hiyo hutasoma mstari wa pili. Mimi pacha wako ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao umeanza kunidai kwa kuinamia maboneti ya watu. Wewe hali yako? Unakula? Nauliza kwa sababu mwanaume ambaye jiko lake limepoa hujidai ameshiba. Na kikohozi cha mama je, kimetulia, au bado anakificha ili asipelekwe hospitali?

Barua hii nimeiweka juu ya mashine makusudi, ili mkono wako uifikie kwanza. Kwenye simu nikianza kukueleza jambo unasema "sawa, sawa" kabla sijafika popote, kisha unakata. Karatasi huwezi kuikata. Basi kaa kitako, usome mpaka mwisho, ndipo utafute umeme.

Nimeyashika yote uliyonieleza. Mkeo Rahel amerudi kwao na mtoto wenu Kabula, na baba yake hakukufukuza wala hakukukaribisha. Amekutupia tu funguo za gari lake jeusi na kusema, kama umeacha kulima tumbaku ukawa fundi wa kung'arisha magari, lirudishe linang'aa ndipo mtakaa mzungumze. Gari la Mzee Yeremia tunalijua sote pale Mtendeni, Tabora. Analiosha mwenyewe kila Jumamosi, na watu huacha njia walipite kwa mbali wasije wakaligusa na kapu. Ukiliunguza rangi gari lile, ule ua hutaukanyaga tena, na mtoto utamwona kwa kuvizia getini. Mimi naogopa, Kulwa. Tangu uniagize mashine nimekuwa nikiogopa kuliko wewe.

Nilikwenda mtaa wa Gerezani kwa Mwanahawa, Mzaramo mmoja anayeuza vifaa vya mafundi, mtani wangu wa siku nyingi. Nikamwambia nataka mashine ya kupigia polishi, ile inayozunguka, iwe kubwa na yenye nguvu kuliko zote, kama ulivyosema. Nikaiona moja ya kijani. Nilipoinyanyua, bega likaitika, nikaipenda hapo hapo.

"Rudisha hiyo," akasema.

"Kwa nini?"

"Hiyo ni grenda ya kukatia vyuma, imevalishwa sponji tu. Ila nyie wapagazi bwana! Mnyamwezi ukimpa kitu chepesi anaona umemwibia."

Nikacheka. Unawajua watani zetu hawa. Tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda Bagamoyo hawajaacha kutusema, na siku nikifa Mwanahawa huyu huyu ataingia kaburini alale humo mpaka apewe chochote. Mtani hakasirikiwi, lakini pia nani anamsikiliza? Nikamjibu kwamba Mzaramo atajuaje uzito, na yeye tangu azaliwe hajabeba kitu kizito kuliko ngoma. Nikatoa hela.

Akazisukuma zikanirudia. Hapo kicheko kikanikauka, maana mwenye duka kukataa hela si utani tena.

"Gari lenyewe la nani?"

"La baba mkwe wa pacha wangu. Mke amerudi kwao."

Akatoka mezani. "Sasa utani nimeuweka chini, Doto. Njoo huku nyuma."

Nyuma ya duka ana mlango wa gari uliong'olewa, mweusi, umeegemezwa ukutani kwa ajili ya wabishi kama mimi. Akaichomeka ile ya kijani, akanipa. Unajua kwa bosi wangu nimezoea ile mashine inayotikisika taratibu, ambayo hata ukisinzia nayo haidhuru. Hii nilipoiwasha ilinivuta mikono, ikakimbilia ukingo wa mlango, na kabla sijaituliza nikasikia harufu. Kuinua, rangi nyeusi haipo. Pana kijivu, na katikati ya kijivu bati linanitazama. Mwanahawa akachomoa waya. Nilisimama pale nikiona si ule mlango, bali wa Mzee Yeremia, na wewe umesimama mbele yake na kitambaa mkononi.

Kwa hiyo usiifungue hii iliyomo ndani ya boksi, aliyonichagulia Mwanahawa, ukaniita bahili. Ni nyepesi, ndiyo, na ni ya kuzunguka kama ulivyotaka. Lakini ukiiwasha inaamka polepole, haikurupuki, na pale karibu na kidole gumba ina kigurudumu cha kupunguza na kuongeza mwendo. Usikipandishe. Siku ya kwanza fanya kazi kwa mwendo wa chini kabisa, hata kama vijana wa pale kituo cha kuoshea magari watakucheka. Ilaze sponji bapa juu ya rangi, usiiegemee kwa uzito wako, na isisimame mahali pamoja hata ukipigiwa simu. Kila mara weka kiganja juu ya bodi. Ukisikia joto la kukufanya uondoe mkono, acha, nenda kanywe maji. Kingo zote na mikunjo zibandike utepe wa karatasi wenye gundi, maana huko rangi ni nyembamba na ndiko nilikoumbuka mimi. Lioshe vizuri kwanza, vumbi letu la Tabora ni msasa, na ulifanyie kazi kivulini. Na kabla ya yote tafuta kipande cha bodi bovu kwa wale wa vyuma chakavu, uharibu hicho.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike badala ya kupiga.

Rahel alinipigia. Hakuuliza habari za mashine. Aliniuliza kama wewe umeniambia kuhusu mkwaruzo wa mlango wa kulia wa gari la baba yake. Nikasema ndiyo, kuna bodaboda alikukwaruza sokoni akakimbia. Kisha akasema, "Shemeji, mimi nilikuwemo ndani ya gari siku aliyoliazima. Alipitisha mlango kwenye chuma cha toroli akirudi nyuma kupakia mizinga ya nyuki ya mjomba wenu kule Ipole. Tulivyofika nyumbani akamwambia baba ni bodaboda, akanigeukia, 'Si ndiyo, mama Kabula?' Na mimi nikaitikia. Sijawahi kumdanganya baba yangu, shemeji."

Mimi nilidhani amekuacha kwa sababu ya kazi, na wewe ndivyo ulivyoniaminisha. Kumbe umeniagiza mashine yenye nguvu kuliko zote ili ufute mkwaruzo ule, uonekane haukuwahi kuwepo.

Basi fanya hivi. Nenda kwenye gari, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, taratibu. Ukucha ukiteleza, polishi itauondoa. Ukinasa, hakuna mashine. Utasugua mpaka ufike kwenye bati na bado utauona. Nilimuuliza Rahel, akasema baba yake alishapitisha ukucha wake tangu jioni ile ile, ukanasa, akauangalia urefu wake, akasema tu, "Bodaboda huyu alikuwa mrefu kama toroli," akaingia ndani. Anajua. Wote kwenye ua ule wanajua, wanakungoja wewe.

Najua kwetu mkwe haambiwi jambo usoni, lazima apite mtu katikati. Mtume mshenga, lakini akuombee nafasi tu. Maneno uyaseme kwa mdomo wako, Rahel akiwa anasikia, umtoe kwenye uongo uliomtia. Ukituma mdomo wa mwingine kwa hili, mimi pacha wako nitaona aibu. Nimeandika sentensi hii mara nyingi na kuifuta, sasa naiacha.

Mfikishie mama salamu, mwamkie kwa kilugha chetu, mwangaluka mayu, na michembe ya viazi aliyonitumia imekwisha, Mwanahawa amekula nusu kwa haki ya utani. Msalimie mdogo wetu Shija, yeye aliyetufuata akapewa jina la anayefuata mapacha bila kuulizwa, na mjomba wa mizinga kule Ipole. Mbusu Kabula, siku utakayoruhusiwa. Mzee Yeremia usimpe salamu zangu sasa. Zitangulie zako.

Jambo la mwisho, na utanikasirikia. Ukichungulia ndani ya boksi utakuta sponji laini tupu. Ile ya manyoya, inayokata rangi, niliinunua pamoja na mashine, lakini nimebaki nayo, ipo hapa chini ya kitanda changu. Gari la mkweo ling'arishe lote kwa hizo laini, mkwaruzo uuache ulivyo. Ya manyoya, kwa kazi zako zijazo, nitaipakia kwenye basi siku Rahel atakaponipigia, yeye, si wewe, aniambie umesema ukweli.

Ni mimi wa nyuma yako,
Doto