Bega Langu na Lawama Niliyombebesha Salimu

Majengo, Nyeri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai miguu yako imepungua kuvimba, na kwamba wewe na mdogo wangu Salimu, anayekusomea hii kama barua zote, mnaelewana. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku haina huruma, na bega langu la kulia bado linauma.

Ni lile bega nililoandika habari zake mara ya mwisho. Nilikuwa na maumivu na hasira, nashindwa hata kusukuma chapati zangu za kuuza, nikaandika kwamba Salimu ndiye aliyenivunja siku ile aliponisukuma ngazini tukigombania redio. Sikujua barua ingefika siku wazee wa mchumba wake wamekuja. Mjomba amenieleza yote alipopita hapa akitoka Wang'uru kununua mchele. Ulimwambia Salimu asome kwa sauti ili wageni nao wasikie habari za Nyeri, naye akasoma mpaka jina lake mwenyewe. Wazee wakaondoka bila kugusa chai, na hawajarudi.

Jana nikaenda hospitali kupigwa picha ya eksirei. Daktari, kijana wa Gakindu, aliiinua dirishani.

"Mama, hii mfupa haijawahi vunjika. Unaona hii kitu nyeupe hapa kando? Ni chokaa, imejiweka kwa mshipa."

"Si kwa sababu nilisukumwa?"

"Ulisukumwa lini?"

"Miaka minane iliyopita."

"Ati miaka nane?" Akacheka. "Wachana na huyo mtu. Hii imekuja yenyewe tu."

Nikalia. Akadhani naogopa sindano.

Sindano nimechomwa, lakini hakuniahidi kupona. Chokaa huenda ikayeyuka, huenda ikakaa. Sasa mume wangu ndiye anayekanda unga, na wateja wanatafuna kwa adabu tu.

Picha nimempa Mjomba ailete. Tafadhali waite wazee wale wale, uwaoneshe kwenye mwanga. Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na yule bibi jirani aliyenifundisha chapati.

Na wewe Salimu, ndugu yangu, nimekukosea mbele za watu. Nisamehe. Najua ulivyo na haya, utataka kupita sehemu hii harakaharaka. Barua ile uliisoma yote, hukuruka neno. Na hii isome hivyo hivyo, kwa sauti, wageni wakiwa wameketi.

Mimi dada yako, na binti yako Mama,
Mwanaisha