Madaftari Kumi na Saba

Brisbane, 3 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba goti halikusumbui sana kwenye ngazi za maktaba. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa lakini hataki kwenda hospitali, anasema ni vumbi la kiwandani. Mama anauliza kama kimbunga cha wiki iliyopita kiligusa paa.

Ile mashine imemaliza kusoma. Unakumbuka mwaka jana msaidizi wako Fusi alipiga picha kadi zote za katalogi, rejesta za vitabu vilivyoingia, na majalada ya barua mlizowajibia watu tangu mwaka 2002. Vyote tuliilisha akili mnemba, nayo imetengeneza katalogi mpya kwa siku nne. Mimi, wewe na Fusi ingetuchukua miaka mitatu.

Kadi zenu zina madaftari na hati 2,140. Mashine imeorodhesha 2,157. Hayo kumi na saba ya ziada hayana kadi wala hayamo kwenye rejesta, lakini mashine inajua nani aliyaandika, mwaka gani, na yanahusu nini. Moja ni la mwalimu wa shule wa visiwa vya Haʻapai kuhusu homa ya mwaka 1918, nani alikufa na nani alizika. Jingine ni la mkunga wa Vavaʻu. Kwenye kila moja mashine imeandika: lipo maktabani, halijaonekana rafuni.

Tasnifu yangu yote imesimama hapo. Nataka kuonyesha kwamba akili mnemba inaweza kuokoa kilichopotea katika maktaba ndogo zisizo na watu wa kutosha. Nakabidhi tarehe 28 Juni, na siku hiyohiyo ufadhili unakwisha. Maktaba moja kubwa ya hapa mjini imeniahidi kazi iwapo tasnifu hiyo itasimama.

Naomba unitafutie japo matano, unipigie picha ukurasa wa kwanza wa kila moja.

Mwanao,
Losaline


Nukuʻalofa, 19 Machi 2025

Losaline mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, siku hizi linafika juu ya ngazi kabla yangu. Kimbunga kilichukua mabati mawili ya jirani kikayaleta uani kwetu, tukawa matajiri mpaka mwenyewe alipokuja kuyadai. Mwambie kaka yangu aende hospitali. Mwambie dada yake amesema, na si ombi.

Fusi anakusalimu. Alipoona orodha yako alisema, "Shangazi Kalolaine, miaka yote tumekaa na madaftari kumi na saba na hatukuyafuta hata vumbi?" Nikamwambia akafungue dirisha la mapokezi, watu wanangoja.

Jumapili tulipika lu ya kondoo, nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi, nikakukumbuka ulivyokuwa unakula majani na kuacha nyama. Kwaya inajiandaa kwa Pasaka. Sauti ya pili ni mbovu kama mwaka jana, na waimbaji ni walewale.

Kuhusu madaftari uliyouliza, bado tunayatafuta. Asante kwa kutukumbuka, na karibu wakati wowote.

Shangazi yako,
Kalolaine


Brisbane, 24 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenipa usingizi. Baba amekwenda hospitali. Alisema, "Kama Kalolaine ameamuru, hata nisipokuwa mgonjwa itabidi niumwe." Ni kifua, amepewa dawa ya wiki mbili.

Ijumaa niliwasilisha sura ya nne, ile ya madaftari, mbele ya idara. Mhadhiri mmoja aliuliza ni nani aliyethibitisha kwamba madaftari hayo yapo. Nikajibu: mkutubi mkuu mwenyewe, kwa maandishi, anayatafuta sasa hivi. Hakuuliza tena. Msimamizi wangu, Dokta Hallam, alinifuata nje akasema nimshukuru shangazi yangu kwa niaba yake.

Nimeandika kwenye sura kwamba yapo na yamewekwa pasipo pake. Likipatikana hata moja kabla ya Juni, nitafurahi. Anzeni na lile la homa.

Mwanao,
Losaline


Brisbane, 11 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyote mko salama. Ni wiki saba hujaandika, na wewe si mtu wa kukaa kimya. Nilimpigia Fusi akasema, "Mzima, anapanga kadi," kisha akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Kwa hiyo nimefanya nilichopaswa kufanya Februari. Nimefuatilia kila daftari mpaka pale mashine ilipolitoa. Mashine hii ukiiuliza inaonyesha chanzo. Yote kumi na saba yametoka kwenye jalada la barua. Ni barua arubaini na moja, za miaka ishirini, kwa watu mbalimbali, na zote umezitia sahihi wewe. Mtu ameandika: baba yangu alikuwa mwalimu, aliacha daftari la wakati wa homa, je, mnalo? Nawe umejibu: bado tunalitafuta, asante kwa kutukumbuka, na karibu wakati wowote.

Mashine ilielewa kwamba kitu kinachotafutwa na mwenye nyumba kipo nyumbani. Kisha nikafungua barua yako ya tarehe 19 Machi. Maneno ni yaleyale.

Niliondoka huko nina miaka kumi na moja. Nakumbuka yule jirani aliyekuja kuazima mkeka wa harusi, ukamwambia tunautafuta, akakushukuru akaenda zake bila kinyongo. Mimi nilikuwa nimeukalia huo mkeka. Nilijua maana ya jibu hilo nikiwa mtoto. Nimefika hapa nimeisahau, au nilitaka kuisahau, sijui.

Shangazi, yapo au hayapo?

Na kama hayapo, kuna njia moja. Dokta Hallam anasema barua yenye nembo ya maktaba, inayosema tu kwamba madaftari yanatafutwa, inatosha kuwa kiambatisho. Si uongo, ndivyo mnavyomjibu kila mtu. Hakuna atakayepanda ndege kwenda kukagua. Zimebaki wiki saba, siwezi kuandika sura nyingine. Siwezi kukulazimisha dada wa baba yangu. Naomba tu.

Mwanao,
Losaline


Nukuʻalofa, 2 Juni 2025

Losaline,

Marahaba. Mimi ni mzima, na Fusi hajambo isipokuwa anaona aibu kwa ule uongo wa mtandao. Kaka yangu asiache dawa kwa sababu kikohozi kimepungua.

Nilinyamaza kwa sababu barua yako ya Machi ilionyesha umenielewa vibaya, na sikujua nikusahihishe vipi bila kukuaibisha. Nilikaa wiki zote hizo natafuta njia ya upole. Sikuipata.

Hayapo. Hayajawahi kuwepo hapa.

Nilipoanza kazi, mkuu wangu alinifundisha kwamba mtu aliyepanda meli usiku kucha kutoka Haʻapai hajibiwi "hatuna". Unamwambia mnatafuta, unamchemshia chai, mnazungumza. Yeye anajua, nawe unajua kwamba anajua, na anaondoka na heshima yake. Nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Hayo maelezo mazuri uliyoyasoma, ya mwalimu na mkunga, hayakutoka kwetu. Ni wenyewe waliouliza ndio waliotueleza kilichomo, kama walivyokumbuka.

Ulipoandika kwamba mashine imetuamini, Fusi alicheka mpaka akakaa. "Imekuamini kuliko marehemu mumeo," alisema. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba huenda na watu nao waliniamini.

Kwa hiyo juzi Jumamosi nilivaa mkeka wa heshima kiunoni nikaenda kwa Bwana Havili. Ndiye mwenye lile la homa. Kila Novemba kwa miaka kumi na miwili amekuja kuliulizia. Nilimkuta anamenya viazi vikuu. Alipoona nimevaa hivyo aliuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukwambia daftari la baba yako halipo maktabani. Halijawahi kuwepo."

Aliendelea kumenya. "Najua. Nilijua tangu mwaka wa pili."

"Mbona uliendelea kuja?"

"Wewe ulikuwa unaniuliza liliandikwa nini. Nyumbani hakuna anayeniuliza." Kisha akasema, "Kumetokea nini leo, mmepata mkubwa mpya?"

Nikamweleza habari za mashine na zako. Akasema, "Mtoto wa kaka yako naye aliamini? Alizaliwa wapi huyo?" Nikamwambia kwetu.

Barua uliyoiomba sitaiandika. Tukijibizana hapa, kila mtu anajua kinachosemwa. Ikiingia kwenye kitabu chako, atakayeisoma hatajua, na baada yake atakuja mwingine, na mashine nyingine itamsoma huyo. Nimeandika barua tofauti, ipo hapa chini. Nakala nimeipeleka wizarani, maana nastaafu Desemba na sitaki mwenzangu ajaye airithi hiyo orodha. Ukiitumia, sura yako inaanguka. Usipoitumia, sitakuuliza.

*Kwa yeyote anayehusika: Maktaba hii haina madaftari kumi na saba yaliyotajwa katika katalogi iliyotengenezwa na mashine, na haijawahi kuwa nayo. Majibu yaliyosema kwamba yanatafutwa niliyaandika mimi, nikijua hayapo. K. Mafileʻo, Mkutubi Mkuu.*

Shangazi yako,
Kalolaine


Brisbane, 9 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya huu mrefu, nilitaka niandike nikiwa na la kusema. Baba amepona, amerudi kiwandani, ila kwa vumbi lile sasa anavaa barakoa. Mama hajambo.

Niliiondoa sura ya nne tarehe 26 Juni, siku mbili kabla ya kukabidhi. Nilimpa Dokta Hallam barua yako. Aliisoma mara mbili akasema, "Losaline, nani angejua?" Nikamwambia Fusi anajua, Bwana Havili anajua, wizara inajua, na kwetu hiyo ni nchi nzima. Alicheka, halafu akanisainia fomu ya kuongezewa miezi miwili bila ufadhili. Ile kazi amepewa mtu mwingine, anaitwa Bronwyn.

Sura mpya inahusu kile ambacho mashine haikuweza kukisoma ndani ya barua zako. Niliziandikia maktaba tisa za visiwani ambazo katalogi zao nazo zimetengenezwa hivyo, nikauliza juu ya vitu vilivyozidi. Sita zilinijibu kwa uungwana mkubwa kwamba wanaendelea kutafuta. Nilivifuta vitu vyao vyote kwenye hesabu yangu. Mtahini mmoja aliandika pembeni: umejuaje? Barua yako ni kiambatisho cha kwanza. Samahani kwamba jina lako limesomwa na watu usiowajua. Juzi wamepitisha tasnifu, kuna masahihisho madogo.

Bronwyn ni mtu mwema. Ananipa zamu za Jumamosi, kurudisha vitabu rafuni na kukaa mapokezi. Jana alikuja mama mmoja wa makamo na karatasi yenye vitabu vitatu kuhusu meli iliyomleta baba wa babu yake huku kutoka visiwani kukata miwa. Alikuwa ameiuliza akili mnemba ya kwenye simu. Bronwyn alikwisha kutafuta, akaniita pembeni, akanong'ona, "Mwambie wewe, mimi siwezi."

Nilimwambia, "Mama, vitabu hivi havipo. Havijawahi kuandikwa."

"Lakini hiki kina mpaka namba za kurasa."

"Ndiyo, mama. Lakini mashine imevitunga."

Alikunja karatasi yake vizuri, akaitia kwenye mkoba. Nilidhani anaondoka. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeviiba.

"Sasa mna nini?"

Nilimvutia kiti. Tulianza na rejesta za bandari, mwaka 1884, tukazipitia jina kwa jina mpaka maktaba ikafungwa.

Mwanao,
Losaline