Pale nilipotua sufuria yangu

Jumamosi, katikati ya kiangazi. Ukungu ulikaa juu ya mapaa mpaka saa tatu, na mimi niliamka nikitabasamu peke yangu, kama ninavyoamka kila siku tangu harusi.

Miezi miwili sasa. Bado nikisikia mtu anasema "bibi ya Musafiri" nageuka kwanza kutazama ni nani huyo.

Leo ilikuwa siku ya kufunguliwa shamba langu. Katika familia ya mume wangu, hapa kijijini upande wa Kasongo, mwanaume akioa, kiangazi cha kwanza ndugu zake wanakuja na mashoka na mapanga kumfungulia bibi-arusi shamba jipya. Bibi-arusi anapika, anajitwika sufuria, anatembea nao. Pale atakapoitua ndipo watakapokata. Ikishagusa ardhi, hakuna wa kubishana nayo.

Kila mtu alijua nitaitua wapi: kwenye pori la kando ya mto ambalo baba mkwe alinitengea. Hata mimi nilijua. Nilikuwa nimeshampigia simu dada yangu kule kwetu Kabambare, nikajisifu kwamba nitakatiwa pori lenye miti ambayo watu wawili hawawezi kuizungushia mikono. Naungama hapa: nililitaka lile pori kama mtu anavyotaka kitenge kipya. Lionekane tu.

Halafu jana Musafiri akanipeleka kuliona.

Kabla ya kunioa alifanya kazi kidogo na wataalamu waliopita huku wakipima miti. Yeye alikuwa anashika utepe. Jana hakuwa na utepe. Aliniweka upande mmoja wa mti mkubwa, akaenda upande wa pili, tukaukumbatia pamoja. Vidole vyetu havikukutana. Nilisikia sauti yake tu, shavu langu likiwa kwenye gome.

"Unajua mwili wa huu muti unatoka wapi?"

"Mu udongo."

"Kidogo tu. Sehemu kubwa inatoka mu hewa."

Akanieleza kwamba mti unavuta kaboni kutoka hewani na kuiweka kwenye shina na mizizi, na majani yakianguka na kuoza, udongo nao unaweka sehemu yake. Tukikata na kuchoma, kile mti ulichokusanya tangu kabla ya babu yake kuzaliwa kinarudi hewani kwa siku moja. Ardhi ikibaki wazi juani, nayo inapoteza akiba yake polepole. Sisi tunavuna mpunga misimu miwili mitatu, kisha tunahamia pori lingine.

Sekondari nilijifunza hayo yote. Nilichora jani na mishale yake, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba ile mishale inaelekea kwenye mti ambao siku moja nitaukumbatia na mume wangu.

Nilimuuliza, basi tulime wapi? Akanionyesha shamba la zamani la mama yake, lililolala miaka minne, lenye vichaka na nyasi. Tufyeke bila kuchoma, majani tuyaache yaoze palepale, tupande karanga, kisha muhogo, na katikati miche ya safu, ile miti ya matunda. Hakunificha kwamba mwaka wa kwanza tutavuna kidogo.

"Lakini shamba ni yako," akasema. "Ukitua sufuria ku pori, nitakata wa kwanza, na sitanuna."

Hapo nilikwisha.

Basi leo nimetembea na wali na kuku wa mawese kichwani, wanaume sita mbele yangu. Njia ya kwenda porini inapita katikati ya lile shamba la zamani. Sikuogopa kuchekwa, niliogopa baba mkwe aone nimedharau zawadi yake.

Nikatua.

Kalume, mdogo wa Musafiri, ndiye aliyegeuka kwanza. "Shemeki, umechoka? Leta nikubebee, pori iko mbele."

"Sijachoka. Nimefika."

Akamtazama kaka yake. "Yaya, huyu bibi ulimutoa Kabambare ao ulimuokota njiani? Anaachiwa pori, anachukua nyasi."

Wakacheka wote. Baba mkwe hakucheka. Alikuja mpaka kwenye sufuria, shoka begani, lile alilolinoa siku mbili.

"Mwanangu, ile pori ni zawadi. Imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Papa. Nimeipokea. Naomba ibaki imesimama, na iwe yangu vilevile."

Baba mkwe akalaza shoka chini na kunyoosha mkono apewe panga.

"Basi hakuna mutu atakata hata muti moja kule bila kukuuliza," akasema. "Sufuria imekaa. Tufyeke, chakula inapoa."

Musafiri alinitazama kwa namna ambayo sitaiandika hapa.

Walifyeka mpaka saa nane. Kwa mazoea, Kalume akarundika nyasi na vichaka tayari kwa moto. Musafiri akapita nyuma yake akivitandaza tena. "Kazi ya wapenzi haina mwisho," Kalume akanung'unika, na mara hii nilicheka mimi.

Shamba langu halipendezi. Limejaa majani kama ua ambao haujafagiliwa wiki nzima. Lakini kule mtoni nina pori zima lililosimama na kuweka akiba yake, na jioni hii nimemsikia baba mkwe akimwambia jirani, kwa sauti ya kujivuna, "pori ya mukwe wangu".

Kama mavuno ya kwanza yatakuwa madogo, nitayapika hivyohivyo madogo na kuwaalika wote sita, Kalume akiwa wa kwanza. Nimeshaamua.

Musafiri amelala mkekani, majani makavu bado yako kwenye nywele zake. Sitayatoa.