Mgahawa Nyuma ya Jabali

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo tumekwenda Nzuguni, kwenye kiwanja chetu cha mgahawa. Jabali lile kubwa kweli! Fundi Nikodemo kacheka: "Mama Ruthu, hili tunalichomea matairi, tunalimwagia maji, linapasuka lenyewe. Kokoto za msingi hizo!" Denis, mume wangu, kaitikia. Anataka mgahawa uonekane barabarani.

Mimi nilikuwa nyuma ya jabali namnyonyesha Ruthu. Upepo wa Dodoma huu wa mwezi wa kumi — lakini kule nyuma, kimya. Mtoto kalala kabisa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimechora mgahawa kwa mkaa kwenye mfuko wa simenti. Mimi niliyeishia darasa la saba! Jabali ndilo ukuta wa mashariki, upepo unakotoka. Jiko pembeni. Paa bapa la chini kama tembe. Migunga miwili inabaki, meza chini yake. Watu wa barabarani tutawawekea kibao cha kuwaelekeza.

Denis kauliza, nani atakula asipopaona? Akasema watu watadhani tumekosa bati. Ila mchoro hakuutupa. Kaukunja, kauweka juu ya kabati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama mkwe kaja kutoka Chamwino. Nimempa shikamoo, nikamwonyesha mchoro kabla hata ya chai. Kautazama weee. Kasema kwao mlango hauelekezwi upepo unakotoka, wageni watakula mavumbi. Kamgeukia Denis: "Wewe baba, tembe ulimozaliwa lilitazama wapi?" Denis kauvuta mchoro, kautazama tena! Ila hajasema ndiyo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika hapa kiwanjani. Nimemletea fundi ugali na mboga ya mlenda, nakuta matairi manne juu ya jabali! Eti Baba Ruthu kamwambia fundi jana achome. Kwangu hakusema kitu. Nimepiga simu, hapatikani. Basi nimepanda na mtoto mgongoni, nikakalia matairi.

"Shuka bwana, Mama Ruthu, unanichelewesha."

Nikamwambia ale kwanza. Kaanza kula upande wa barabara, upepo ukammwagia vumbi kwenye bakuli. Katukana, kahamia nyuma. Kala taratibu. Kalamba vidole. Halafu sauti yake kutoka chini:

"Dada, mlenda huku hauna mchanga."

Pikipiki ya Denis hiyo inakata kona. Nikodemo kanawa mikono, kapanda, kasimama karibu nami. Kiberiti bado kiko mfukoni mwake. Kaninong'oneza: anza wewe kusema, mimi nitakuunga mkono.