Vera Hana Kwao

Uingereza,
Machi 1999

Kwa kaka yangu Mwadime,
Voi.

Kaka,

Nakusalimu mapema kabla sijakasirika, maana nikianza nitasahau salamu. Hujambo? Kile kikohozi kimekuachia? Na huko Voi jua bado linakaanga watu, au mmeonjeshwa mvua kidogo? Mimi mzima. Baridi imenipasua midomo, lakini mikono na miguu ninayo yote, na hakuna uliovunjika. Natamani kila mtu wa nyumba yetu angeweza kusema hivyo.

Barua yako niliipata. Uliandika, "Tumekosana kidogo na Mshai, ameenda kwao Ronge. Sasa wewe uko majuu, nitumie gauni moja safi na viatu nikamchukue navyo. Nyinyi wanawake tunajua mnapenda vitu." Nilicheka kidogo, nikaanza kufikiria rangi. Mke wako anapendeza kwa kijani.

Kabla sijafika hapo, wacha nikueleze kazi yangu, kwa sababu najua hapo buchani unawaambia wateja dada yako ni nesi. Unesi bado nausomea asubuhi. Jioni nimeajiriwa na kampuni inayotengeneza michezo ya kompyuta. Kazi yangu ni kucheza mchezo ambao haujatoka, kuujaribu kwa kila ujinga mtu anaoweza kuufanya, na popote unapoharibika naandika: hapa pana kosa.

Unakumbuka zile video za karate tulizokuwa tukizichungulia pale stendi? Huu ni kama hizo, ila anayepiga ni wewe. Unakuwa mwanamume aliyevaa chuma, unatembea nchi nzima na upanga. Unajichagulia mwenyewe: huyu nimwokoe, huyu nimuue, huyu nimwibie. Mimi nimechinja majambazi hadi mto ukawa mwekundu. Nimekata kichwa cha mfalme kikabingirika ngazi zote mpaka chini, nikarudia tena kwa sababu mara ya kwanza kilipenya ukutani, na hilo ni kosa. Damu hainisumbui. Nani alikuwa akikushikia miguu ya mbuzi huku wewe unanoa kisu na kuimba?

Katika safari hiyo huendi peke yako. Unao wenzi, watu waliotengenezwa humo ndani, na mmoja wao ukitaka anaweza kuwa mpenzi wako. Huyo anaitwa Vera. Anabeba shoka, ana kidomo, anapigana kuwashinda wanaume wote. Nilimpenda siku ya kwanza. Lakini moyo wake, kaka, ni namba tu ndani ya kompyuta. Ukimsifu inapanda, ukimtukana inashuka, ukimpa zawadi inapanda sana. Ikifika juu kabisa, anakuwa wako.

Sasa mimi nalipwa kuwa mtu mbaya. Nikachoma kijiji mbele yake. Mateka aliokuwa amewaahidi kwamba hawatauawa, nikawapanga mstari nikawakata koo mmoja mmoja naye anatazama. Kisha nikamgeukia yeye mwenyewe, nikampiga usoni kwa kitako cha upanga. Namba ikaporomoka. Nikatoa mkufu mfukoni nikampa. Namba ikapanda. Akaniambia, "Nimekusamehe, mpenzi wangu," na damu bado inamtoka puani, kwa kuwa walioichora hawakukumbuka kuifuta.

Nikampiga tena. Nikampa mkufu tena. Maneno yale yale, sauti ile ile tamu. Nilirudia tena na tena, kisha nikaandika: hapa pana kosa.

Anayeandika maneno ya Vera ni kijana mmoja mwembamba anayeitwa Colin, hunywa chai bila sukari na si mtu mbaya. Akaja mezani kwangu.

"Hili si kosa," akasema. "Ndivyo tulivyolipanga. Akichukia kabisa, mchezaji atakosa mapenzi."

"Akose."

"Mtu ateleze mara moja tu, apoteze kila kitu?"

"Mimi sikuteleza, Colin. Nimemvunja pua."

Akakuna kichwa. "Wewe ungetaka afanye nini?"

"Arudi kwao."

"Kwao wapi?"

Tukatafuta. Kaka, Vera hana kwao. Hakuna aliyemwandikia mama, wala kijiji, wala mlango. Mchezaji anamwokota njia panda, na tangu hapo ni mali yake. Nikamwambia Colin, "Ndiyo maana anasamehe. Hana pa kwenda."

Nikatoka hapo nikiwa na barua yako kwenye mkoba. Nikaona nipige simu dukani kwa Bi Zuhura, jirani yako wa vitambaa, kwa kuwa ndiye anayemshonea Mshai na anajua vipimo vyake. Alifurahi kunisikia. Nikamwambia nataka vipimo vya wifi yangu.

"Vipimo vya nini, mwanangu?" akasema. "Mkono wake mmoja u ndani ya plasta."

Nikadhani ameanguka.

"Nduguyo hakukwambia? Kampiga kwa mpini wa shoka, pale pale mbele ya bucha, wateja wamesimama na nyama zao mkononi. Nami niliusikia ule mfupa, wallahi, ng'ambo ya barabara. Nikadhani yuwakata mifupa ya supu."

"Alikosa nini?"

"Alimwambia mteja maini yamekwisha, kumbe yalikuwamo ndani ya friji. Basi. Na hakulia, maskini. Alikuwa akisema tu, 'Mwadime, watu wanatuona. Mwadime, watu wanatuona.'"

Kisha akaniambia mengine. Saa uliyomnunulia Mshai sikukuu ilifuata kipigo. Leso za kabla ya hapo zilifuata kipigo. "Zile leso nilimuuzia mimi," Bi Zuhura akasema, "na nikamchagulia zilizo nzuri. Nikadhani ni mapenzi." Na huko Ronge baba yake Mshai hayupo tena duniani, na kaka zake wamemwambia wazi kwamba wanangoja mbuzi wako wa faini tu wamrudishe.

Nilikata simu. Nilikuchukia, Mwadime. Neno hilo nimeliandika polepole ili ulisome vizuri. Wewe uliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipojikata kwa jembe mguuni, ukakimbia mteremko wote wa kwetu Werugha bila kupumzika, mkono ule ule ulionishika ndio uliopanda juu na mpini. Na mimi kichwani mwangu nilikuwa dukani, nakuchagulia mkufu wako.

Kesho yake nilimweleza Colin habari yote. Akavuta kiti. Tukambomoa Vera tukaanza upya.

Kwanza tuliiondoa ile namba. Tukampa kumbukumbu. Wema unakaa kama wema na kipigo kinakaa kama kipigo, havijumlishwi pamoja wala hiki hakimezi kile. Na si yale unayomtendea yeye peke yake. Ukimkata koo mtu aliyefungwa kamba, Vera ameona, na amejua wewe ni nani siku yeye atakapokuwa amefungwa. Colin akaogopa kwamba mchezaji atashtukizwa. Nikamwambia mwenye macho hashtukizwi. Tukafanya hivi: ukiwa mkatili maneno yake yanapungua. Analala upande wa pili wa moto. Hakupi mgongo tena. Shoka linahama kutoka begani hadi mkononi. Bi Zuhura anasema Mshai siku za mwisho alikuwa hakai ndani kabisa ya bucha, alikuwa anakaa karibu na mlango. Wewe hukuona? Mtu wa kuona mafuta kwenye nyama tangu barabarani?

Zawadi tuliziacha. Vera anaweza kupokea mkufu akauvaa, na bado anakumbuka. Na uovu ukizidi anainuka, anachukua shoka lake, anakwenda kwao.

Hapo ikabidi tumjengee kwao. Niliwachorea mimi: kilima chenye ukungu, matuta ya kabeji, ng'ombe mmoja mwenye madoa, nyumba ya mabati na mama ndani yake. Colin akauliza mabati yametoka wapi katika nchi ya watu wa panga na mishale. Tukakubaliana nyasi.

Kisha nikaona jambo jingine. Katika mchezo huu mtu anaingia nyumba yoyote bila kuuliza, anafunua masufuria ya watu, anachukua anachotaka, anatoka. Nikasema nyumba hii haitaingiwa hivyo. Itapigwa hodi. Colin hakuijua hodi. Nikamwambia unasimama nje, unaita, unangoja, na aliye ndani ndiye anayeamua.

"Asipojibu?"

"Hujakaribishwa. Unaondoka."

"Kwa hiyo hawawezi kurudiana tena?"

"Wanaweza. Lakini si kwa mkufu." Tukaweka njia, na ni ndefu. Urudi kwenye kijiji ulichokichoma, ukijenge mbele ya waliokuona ukikichoma. Upande kilimani bila upanga. Upige hodi. Pengine atajibu, pengine hatajibu. Na akitoka kuzungumza nawe, hajasema anarudi. Colin akasema watu watalalamika. Nikamwambia wanunue redio.

Wa kwanza kuujaribu nilikuwa mimi. Nilimvunja Vera mkono, safari hii nikijua ninachokifanya, na sikufurahia. Akaondoka bila neno. Nikamfuata na mkufu wangu hadi kilimani. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Sasa kazi yangu ni kufanya kile mtu mbaya angefanya, kwa hiyo nikachomoa upanga nikaukatakata mlango. Mlango ukavunjika. Ndani alisimama mama yake mbele, na Vera nyuma ya mama, shoka mkononi. Hakuongea. Pigo la kwanza liliondoka na mkono wangu, mkufu ukiwa bado kwenye vidole. La pili lilinipata shingoni. Skrini ikawa nyekundu yote. Nilipiga makofi ofisi nzima ikageuka kunitazama.

Sasa nisikilize, kaka. Usiende Ronge. Mshai hayuko.

Unakumbuka siku mama alipopita hapo buchani na kikapu, ukamfungia maini bure ukamwambia asalimie watu wa Werugha? Alikuwa anatoka dukani kwa Bi Zuhura kuongea na mimi kwenye simu. Sikumwambia la kufanya. Nilimuuliza tu kama funguo za nyumba yangu ya Werugha bado anazo. Akanijibu, "Ninazo. Nilikuwa nangoja wewe useme." Yeye na Bi Zuhura wakapanda pikapu ya dukani hadi Ronge. Kaka zake Mshai walipouliza mbuzi yuko wapi, mama yetu, huyo unayemjua hapazi sauti hata kwa ng'ombe, akawaambia, "Sikuja kumrudisha kwa mtu. Nimekuja kumpeleka kwao."

Kwao ni pale nyumbani kwangu Werugha, kuanzia sasa hadi atakapotaka mwenyewe. Hata mimi na wewe tusipoongea tena, pale ni kwake.

Gauni nimelinunua, la kijani. Nimemtumia yeye kwa jina lake, na nimechagua la mikono mipana ili plasta ipite. Si lako, ni langu kwake, na halimdai kitu.

Njia yako ipo, nami nakuombea uishike, maana sina kaka mwingine. Simama mbele ya bucha mchana, nyama zikiwa zimening'inia na watu wamejaa, uwaambie wale wale waliokuona kwamba ulimvunja mkono mkeo kwa ajili ya maini, na kwamba kosa lilikuwa lako. Mshai aliona haya kwa niaba yako, sasa uone haya mwenyewe. Halafu upande Werugha. Usibebe mbuzi, usibebe wazee, usibebe chochote cha kumpa. Mikono mitupu, aione.

Nisalimie Bi Zuhura, jirani yako, na ukimtazama kwa jicho baya nitajua kabla jua halijatua. Msalimie shangazi Saru, dadake baba, umwambie dawa ya magoti nimempatia. Msalimie binamu Kitawi anayekusaidia kupasua nyama, umwambie aliposimama akatazama, na yeye alionekana. Mama na wifi yangu usiwasumbue kwa salamu zangu, nimeshawasalimu.

Mlango wa nyumba yangu ni wa mbao nyepesi, wewe mwenyewe ndiye uliyenitafutia fundi, unajua unavunjika. Mama amehamia chumba cha mbele. Panga lake la kukatia majani ya ng'ombe liko nyuma ya mlango huo huo.

Kwa hiyo piga hodi, kaka. Piga hodi, ungoje. Na ukisikia kimya, umeshajibiwa. Geuka urudi Voi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, kwa shida,

Mkawasi