Ubao Nyuma ya Karatasi ya Maua

Criccieth, 9 Machi 1997

Mpendwa kaka Idwal,

Salamu nyingi. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje, na wifi Olwen hajambo? Mimi mzima, ila mvua haijakatika tangu Jumatatu.

Karavani uliyonipa nimeitia mapazia mapya, sasa ni kinyumba kamili juu ya magurudumu. Pasaka nitaifunga nyuma ya gari niivute hadi Uskoti, kama tulivyopanga na marehemu mume wangu Gethin. Lakini siku hizi nikifungua mlango napokewa na harufu ya uyoga. Chini ya dirisha la mbele ile karatasi ya maua ya ukutani imevimba, na nikibonyeza, ukuta unaingia ndani kama keki iliyolowa chai. Nifanyeje? Wewe umeishi nayo miaka kumi na mitano.

Jirani yangu Eurof ndiye aliyebadilisha mpira wa dirisha hilo mwezi Januari. Naogopa hakuuziba vizuri.

Mdogo wako,
Mererid

Wrexham, 14 Machi 1997

Mpendwa mdogo wangu,

Barua imefika. Sisi hatujambo, mgongo ni ule ule. Pole kwa usumbufu.

Toa magodoro yote nje ya karavani. Fungua kabati na matundu ya hewa, hata kukiwa na baridi. Usichemshe birika humo ndani. Azima mashine ya kukausha hewa, iache ifanye kazi wiki mbili, umwage maji yake kila asubuhi.

Kuhusu Eurof, sijui niseme nini. Mpira ukiwekwa ovyo, maji hupenya.

Kaka yako,
Idwal

Criccieth, 2 Aprili 1997

Kaka Idwal,

Natumaini mu wazima. Mimi mwili mzima, moyo ndio mzito.

Mashine imetoa ndoo baada ya ndoo na ukuta haukukauka. Nikabandua karatasi. Ubao wa nyuma ulikuja nayo vipande vipande, na mbao za fremu ni nyeusi, unazichota kwa kijiko. Uskoti sikwenda.

Jumamosi nilimfuata Eurof getini kwake nikamwambia ameniharibia kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kutazamia. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika. Alivua kofia akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole, Mererid. Kama ni mkono wangu, nisamehe." Nikampa kisogo, nikarudi kwangu nikafunga mlango.

Unajua tangu mazishi alikuwa akija kila alasiri na liki, vile vitunguu virefu vya majani vya bustani yake, tunakunywa chai. Ndiye mtu pekee hapa anayelitaja jina la Gethin bila kuinamisha kichwa. Sasa anapita upande wa pili wa barabara.

Nilimwonea?

Mdogo wako,
Mererid

Wrexham, 30 Mei 1997

Mpendwa Mererid,

Natumaini afya yako ni njema. Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Olwen amekoma kuniuliza kama nimejibu.

Ulimwonea, na mimi ndiye niliyekutuma. Ubao ule ulioza kabla Eurof hajaigusa karavani. Maji yanaingilia juu, kwenye ile reli ya ukingo wa paa ya kuchomekea hema la kivuli, ambako gundi ilikauka zamani na skrubu zimeshika kutu. Niligundua mwaka wa tisini na nne. Ilipasa nivunje ukuta, nibadilishe mbao, nizibe upya. Nilikuwa mvivu. Nikawasha hita siku tatu, nikabandika ile karatasi ya maua.

Gethin alipofariki nilitaka kukupa kitu. Nilitaka pia kitu hicho kitoke uani kwangu, nalo ni kweli. Ulinikumbatia shingoni ukalia, nikakosa pa kuanzia. Ulipomtaja Eurof nikaona pa kujificha.

Sina la kujitetea.

Kaka yako,
Idwal

Criccieth, 21 Julai 1997

Idwal,

Hamjambo. Mimi sijambo. Mama alitufundisha kusalimu kwanza, basi nimesalimu.

Barua yako niliisoma nikaitia kwenye droo. Wiki sita sikuweza kushika kalamu. Jana nilikwenda kwa Eurof, nikamwomba radhi palepale getini nilipomtukania. Nilidhani nampelekea habari. Akaniambia alikuta mbao zimeoza siku ile ya Januari alipong'oa mpira wa zamani. Alidhani umeniambia. Nilipomjia juu ndipo akaelewa kwamba sijui.

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali lawama. Akatazama viatu vyake, akasema, "Ulikuwa umezika mume. Sikutaka nikuondolee na kaka pia."

Nilimkaribisha chai. Alikataa kwa upole. Alisema labda siku nyingine, na kwa jinsi alivyosema nilijua haiko karibu.

Mimi nilimwomba radhi kwa maneno yangu. Ya kwako siwezi kukubebea. Panda treni uje, umwambie mwenyewe. Nitakuonyesha nyumba yake, halafu nitasimama barabarani nikungoje.

Mdogo wako,
Mererid